Ubeti wa kwanza hauishi, nifanyeje?

Mwanagenzi: Hamjambo malenga. Natunga tarbia (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya beti 7 kuhusu wavuvi wakati wa kusi, mizani (yaani silabi) 16 kwa mshororo. Kila nikikaa nafuta ubeti wa kwanza na kuanza upya, wa pili sijaugusa. Nautaka uwe safi kabla ya kuendelea. Nishikeni mkono.

Mkarara: Ndugu Mwanagenzi, unachonga na kupiga msasa kwa wakati mmoja. Kwenye arudhi, yaani kanuni za utunzi wa shairi, hilo linaumiza zaidi kuliko kwenye hadithi, kwa sababu ukigusa kina kimoja (silabi ya mwisho inayofanana na ya mishororo mingine), mishororo ya jirani inaanguka nacho.

Anza na kibwagizo. Huo ni mshororo mmoja wa mwisho unaorudiwa kila ubeti, na ukiwa nao robo ya kila ubeti imekwisha. Kisha rasimu iwe na mashimo:

Bahari imechafuka, manahodha tahadhari,
Mawimbi yanapoinuka, ........ safari,

Ukwapi (nusu ya kwanza) wa mshororo wa pili una mizani 9 badala ya 8. Uwekee alama tu, usirekebishe. Utao (nusu ya pili) una 3, zimebaki 5. Songa mbele hadi ubeti wa 7. Siku ya kurudi utaona "yakiinuka" inarudisha 8, na "ahirisheni" inaziba shimo barabara.

Tenga dakika 25 kwa ubeti, tumia kalamu ya wino. Penseli na kifutio viweke mbali kabisa.

Bint Pwani: Nakubaliana na kaka Mkarara, ila kuna chanzo kingine cha kukwama: vina. Ukitaka mtiririko, yaani vina vilevile shairi zima, beti 7 zenye kibwagizo kimoja zinadai maneno 22 ya kina cha kati na 22 ya mwisho. Ukichagua -ri utapata safari, habari, hatari, dosari, hiari, fahari. Ukichagua -dhi, baada ya ardhi, hadhi, radhi na maradhi utaanza kulazimisha, kisha utadhani huna kipaji. Kwa rasimu tunga ukaraguni, yaani vina vibadilike kila ubeti: maneno 3 kwa 3 kila ubeti, kibwagizo kibaki na vina vyake.

Kamusi hupanga maneno kwa herufi za mwanzo, haikusaidii hapa. Weka daftari lako, ukurasa mmoja kwa kila kina, ulijaze kabla ya kutunga.

Mwanagenzi: Ahsanteni sana. Na msasa wenyewe unakoma lini?

Mkarara: Mizunguko mitatu, siku tofauti. Wa kwanza mizani, kwa kusoma kwa sauti huku ukigonga meza. Wa pili vina. Wa tatu maana, na hapo utafute mahali ulipobana neno kwa inkisari (kulifupisha ili mizani itoshe) bila sababu. Ukifika pa kubadilisha neno zuri kwa jingine zuri vilevile, peleka shairi kwa msomaji.

Bint Pwani: Kwenye kuhesabu, angalia "mtu" na "nchi": kila moja ni mizani 2. Mishororo mingi inayoonekana kupungua imehesabiwa vibaya tu.