Shule ya masista inamfukuza binti yangu kwa wastani wa 57. Haki iko wapi?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Binti yangu anasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwenye shule ya masista, jina naliacha. Juzi kafunga kidato cha tano, karudi na barua: wastani wa shule ni 60, yeye kapata 57, kwa hiyo mzazi umtafutie shule nyingine au akafanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Masomo yake yote matatu yako kati ya 50 na 59. Kwa Baraza la Mitihani (NECTA) hiyo ni D, na D tatu ni pointi 12, Division Two. Mtoto wa Division Two anafukuzwa shule!

Kinachoniuma zaidi, TAMISEMI, wizara inayopanga wanafunzi, walimpangia shule ya serikali, ambako ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022. Nikakataa mwenyewe. Nilitaka alelewe na masista. Nikauza ng'ombe wawili, nikalipa ada, godoro, sare, rimu za karatasi, kila kilichoandikwa. Sasa nafasi ile imekwenda. Nani atampokea mtoto wa PCB anayeingia kidato cha sita, na mtihani ni Mei? Akijisajili kivyake, maabara ataipata wapi?

Nilimfuata mkuu wa shule. Akanijibu, "Mzazi, ulisaini fomu ya kujiunga." Kweli nilisaini. Iko ukurasa wa nne, chini ya orodha ya ndoo na soksi. Kusaini kwangu hakuufanyi uonevu kuwa haki.

Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, nikadhani mchujo huu utakufa. Haukufa, maana shule zinajitangaza zenyewe kwa mabango barabarani: Division One wangapi, Two wangapi. Ukiwaondoa wote wa chini ya 60, matokeo mazuri yanatokana na kuchuja, si kufundisha. Mwalimu ni yule anayempokea wa 57 na kumfikisha 65.

Na asije mtu kuniambia ni shule binafsi, nihame. Bweni analolala binti yangu tulilichangia jumuiyani, mimi niliandikisha mifuko mitano ya saruji. Siku ile hakuna aliyetuuliza watoto wetu wana wastani gani.

Aliyewahi kuhamisha mtoto akiingia kidato cha sita anieleze: nianzie ofisi ya elimu mkoa, au niende jimboni kwa Askofu? Barua inanipa mpaka Jumatatu.