Tupeane uzoefu: unasoma chuo, una bibi au bwana, na unaishi Nairobi. Unaishije?

Jirani wa Roysambu

Wadau, hamjambo. Nimeolewa, niko mwaka wa tatu, na tunakaa bedsita upande wa Roysambu. Ushauri wa wanafunzi mtandaoni umeandikiwa mtu wa hosteli anayekula mkate na soda akalala. Ule wa wanandoa umeandikiwa watu wenye mshahara, seti ya viti na mboch wa kazi za nyumbani. Sisi wa katikati hatuna wa kutuandikia.

Basi tuandikiane wenyewe. Ya "muwasiliane na mtangulize Mungu" tumeshayasikia kwa mashangazi, tuyaache leo. Nataka kujua nani anapika usiku wa kuamkia mtihani. Mtungi wa gesi ukiisha tarehe 20 mnafanyaje? Na kile kitu ulichokipenda kabla ya ndoa, kuimba, mpira, kusuka, bado unacho ama ulikiacha kwenu siku ulipobeba sanduku?

Naanza mimi. Bwanangu ni fundi wa simu mjini, na Thika Road humrudisha usiku akiwa hana hamu ya maneno. Kwa hivyo jikoni ni kwangu, ila nimepunguza kazi. Ndengu nachemsha tupu, bila kitunguu wala nyanya, kwa sababu hatuna friji na mchuzi wa nyanya ukilala unachacha. Zile tupu nazichemsha tena asubuhi na jioni, kisha nakaanga za kula siku hiyo tu. Sukuma anakata mama mboga pale pale nikingoja, nyembamba kuliko nitakavyowahi kukata mimi. Ugali hausubiri mtu, huo nasonga akishapiga simu kwamba ameshuka stejini.

Changu mimi ni kuchora. Nachora kwenye matatu. Foleni ya Pangani ikishika natoa kidaftari nachora mikono ya abiria: aliyeshika mfuko wa mboga, kondakta na noti zilizokunjwa katikati ya vidole. Nyuso sichori, watu huuliza maswali.

Abiria wa 44

Kwetu mpishi ni mimi. Mke wangu anasuka nywele saluni mjini, na wateja wa saluni huja hasa watu wengine wakitoka kazini. Mimi niko chuoni Kahawa, narudi kabla yake. Sasa nani apike, kuta?

Majirani walisema nimekaliwa chapati, yaani natawaliwa na mke. Nikawaambia chapati zenyewe nazipika mimi na ni laini, karibuni. Wawili walikuja wakala, na maneno yakaisha.

Nililokuja kusema ni hili la kikapu cha kuivishia chakula bila moto. Mama yangu huko kwetu alifundishwa na kikundi cha akina mama: kikapu kikubwa, ndani kimeshonewa blanketi nzee na vipande vya sponji, na mto wa kufunika juu. Maharagwe na mahindi yanalala majini usiku kucha. Alfajiri namwaga yale maji, naweka mapya, nawasha moto yachemke kwa nguvu nikisoma noti. Mahindi makavu ni magumu, hivyo yanakaa motoni karibu saa nzima. Kisha sufuria na kifuniko chake, bila kuonjaonja, inaingia kikapuni. Naenda darasani. Nikirudi mchana githeri imeiva na bado inatoa mvuke, narudisha motoni ichemke tena ndipo nikaange na kitunguu, hoho na dania.

Angalizo kwa wanaopenda njia za mkato: maharagwe mekundu msiyatie kikapuni kabla hayajatokota sawasawa. Yana sumu ambayo joto la vuguvugu haliiondoi, yanataka kuchemka hasa, dakika kumi kwenda juu. Mtu akila mabichi-mabichi atatapika aseme amelogwa.

Mengine nitasema siku nyingine, nina jaribio kesho. Burudani yangu ni drafti, ubao wa katoni na vifuniko vya soda.

Tokeni Zimeisha

Jibu la mtungi wa tarehe 20: jiko na mkebe mmoja wa makaa kutoka dukani. Lakini liwashwe nje penye hewa au kwenye roshani iliyo wazi, na lisirudishwe ndani "lipashe nyumba" hiyo Julai yenu ya baridi. Gesi ya makaa haina harufu na imeua watu wamelala. Siku hizi pia kuna mitungi yenye mita, unalipia kwa M-Pesa kidogo kidogo kama stima. Inasaidia kuliko kukopa Fuliza ujaze mtungi mzima.

Mama Kichuna

Mimi nilijifungua katikati ya muhula. Chuo sikitaji, kila mtu ana chake na mambo ni yale yale.

Nianze na maziwa kwa sababu hayo ndiyo yalinitoa machozi. Yaliyokamuliwa hukaa saa nne hivi bila friji, chumba kisipokuwa na joto. Nina siku za vipindi asubuhi hadi jioni. Kwa hivyo nakamua alfajiri, chupa moja inabaki na dada anayemlea, nyingine zinapanda kwa jirani wa ghorofa ya juu mwenye friji. Malipo yake ni mimi kumsaidia mwanawe hesabu. Chuoni nakamulia chooni, nimesimama, mkoba umening'inia shingoni. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyesha, vizuri sana, lakini mwanafunzi si mwajiriwa wa mtu. Niliuliza ofisi moja nikaelekezwa nyingine, na ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza.

Halafu mtihani niliofanya baadaye, ule maalumu wa waliokosa, alama zake zikapotea. Nilizunguka na mtoto mgongoni. Kilichoniokoa ni kadi ya mtihani iliyosainiwa na msimamizi siku ile. Kina dada, hiyo kadi msiitupe hata mkishahitimu, iwekeni pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Burudani? Riwaya. Nanunua kwa wale wa kuinama, wanaotandaza vitabu barabarani mjini, vimechanika jalada lakini kurasa zote zipo. Namsomea mtoto kwa sauti. Haelewi chochote, ananyonya tu, na mimi najua muuaji ni nani.

Mzee wa Jioni

Nawasoma hapa nasikitika. Vijana, hobi ni ya mtu asiye na majukumu. Nafanya kazi mchana, darasa saa kumi na moja na nusu jioni, nafika Kayole saa nne. Nina mtoto, nina karo. Mkopo wa Helb, bodi ya serikali ya kukopesha wanafunzi, nao si zawadi: riba ni asilimia 4, na mwaka mmoja baada ya kumaliza wanaanza kukuulizia. Mkiwa wawili mnaosoma mtalipa mikopo miwili kutoka sufuria moja. Hiyo saa ya kuchora mikono ya watu ungeitumia kuuza kitu. Mimi niliacha kila kitu nilipooa na sijafa.

Bibi Yake

Wadau, huyo hapo juu ni wangu, tunakaa naye. Aliyeacha kila kitu alikuwa wapi Jumapili ya mechi ya Gor na Ingwe? Akienda hivyo nguo zake za kijani zinafuliwa na nani? Hobi anayo, hajui tu kwamba ndiyo hiyo.

Sijakasirika. Nimeandika ili wenye waume wa hivi wajue pa kuanzia. Mimi nilimwambia hivi: saa unazokaa kwenye kibanda cha mpira, na mimi nataka idadi hiyo hiyo. Jumamosi asubuhi anabaki na mtoto, anampikia uji, na mimi naenda mazoezi ya kwaya. Uji wa kwanza ulikuwa na mabonge. Sasa hauna.

Mzee wa Jioni

Sawa.

Abiria wa 44

Jaribio limeahirishwa, nimerudi. Mzee, pole sana, chai ya tangawizi huwa inasaidia.

Mke wa Pangani

Asalam aleikum. Mimi ni mtu wa Pwani, nimeolewa huku bara, tunakaa Pangani na mavyaa wangu yuko Eastleigh, mwendo wa miguu. Wengi hapa mnazungumza kana kwamba nyumba ni ya watu wawili. Yangu ina ukoo mzima ndani yake hata kama hawalali hapa.

Mathalan Ramadhani ikiangukia mtihani. Alasiri naloweka pojo, naponda tangawizi na iliki, nakanda unga wa kaimati nauacha uumuke karibu na jiko, na noti zangu zimeegemezwa kwenye kopo la sukari. Kurasa zote za somo moja zina mafuta. Wageni wa futari hawaulizi una mtihani. Mwanzo nilikuwa naungulia moyoni, kisha nikamwambia mume wangu azungumze na mamake, maana maneno kama hayo mke hayapeleki mwenyewe. Mavyaa akasema, wiki ya mtihani futari inapikwa kwake, sisi twende na tende tu. Kumbe alikuwa anangoja kuambiwa. Sasa yeye ndiye ananiulizia ratiba ya mitihani kabla chuo hakijaibandika.

Kazi yangu ya mkono ni kofia. Nimejifunza kwa nyanya yangu. Kitambaa cheupe unakichora maua kwa penseli, unatoboa vitundu kwa sindano, kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kinakuwa kigumu pembeni. Kofia moja ni kazi ya miezi. Wenzangu darasani huniambia niiuze mtandaoni. Nimeuza, si haba, lakini sitaki iwe biashara. Nikishaanza kuahidi watu tarehe itakuwa jaribio jingine, na majaribio ninayo ya kutosha. Huyu dada wa kuchora mikono asikubali kuambiwa auze. Achore tu.

Mgeni Kidogo

Nimeoa juzi, niko mwaka wa pili, hakuna mtoto. Swali langu ni la marafiki. Darasa langu likitoka Ijumaa linaenda kujivinjari, mimi nakimbilia gari. Wameacha kuniita. Hii inaisha?

Mama Kichuna

Haiishi yenyewe. Waalike wewe, wachache, mchana, nyumbani. Mpike kitu kikubwa cha sahani moja, na kila mmoja aje na kitu. Wanafunzi hawakatai chakula. Walipoona tunaishi vizuri kwa chumba kimoja, wa kwangu walianza kuja na kazi za kikundi nyumbani kwetu, nami nikaacha kubaki chuoni hadi usiku.

Jirani wa Roysambu

Asanteni, nimesoma zote. Sikubaliani na Mzee wa Jioni lakini kwenye hesabu za Helb ana haki, sisi wawili tumekopa na hatujawahi kukaa chini tukaandika tutalipaje. Wikendi hii tunaandika. Na la kugawana saa, hilo nimelichukua zima zima. Bwanangu akisharudi Jumapili anacheza gemu ya simu hadi simu inakuwa moto, na nilikuwa nahesabu hiyo kama uvivu wake huku kuchora kwangu nikikuita kipaji.

Abiria wa 44, hicho kikapu kinapatikana wapi? Mama yako hashoni vya kuuza?

Abiria wa 44

Mama yuko mbali na hapokei oda. Nenda Kariokor kwa wauza vyondo, utafute kikapu cha kusimama chenye mdomo mpana. Sponji na blanketi za mitumba utapata Gikomba, nenda mapema kabla ya jua. Shona ndani pasibaki nafasi, kichwa chake ni ule mto wa juu, usipobana joto linatokea hapo. Na ubebe sufuria yako kutoka nyumbani uipime ndani ya kikapu kabla hujalipa. Watu watakuangalia ukipanda matatu nayo, chora mikono yao.