Nampeleka mama Mikindani kutoka Dodoma: tulale huko huko au Mtwara mjini?

Binti wa Kondoa
Habari zenu wadau. Mama yangu umri umesogea na magoti yanamsumbua. Tangu baba atutoke hajatoka nje ya mkoa, na juzi kaniambia anatamani kuiona bahari, ila pasiwe na makelele. Wenzangu kazini wananishauri Zanzibar. Mimi roho yangu iko Mikindani, kwa kuwa nasikia ghuba lake limejifunga na maji yake yametulia. Nafikiria mwezi wa saba. Safari ataiweza? Na tufikie wapi?

Mtu wa Kusini
Karibuni sana dada. Laleni Mikindani. Mtwara mjini ni kama kilomita kumi tu, bajaji na daladala zipo, lakini ukilala mjini utazikosa asubuhi za pale, wavuvi wanapoingia na ngalawa.

Sasa shika hili, maana wageni wengi kutoka bara hawaulizi: maji. Ghuba lile likipwa, bahari inakimbia mbali, mnabaki mnatazama tope na mikoko. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu, maji yanajaa sana na kupwa sana. Siku hizo hujaa kama saa kumi jioni, na saa nne asubuhi pamekauka. Kila siku muda unasogea karibu dakika 50. Kwa hiyo tazama mwezi kwanza, ndipo ukate tiketi. Mama asije akatoka Kondoa akakutana na tope.

Mzee wa Nzuguni
Njia: treni ya SGR mpaka Dar, mlale, kesho yake basi la kusini. Ni zaidi ya kilomita 550, siku nzima kwenye kiti. Kwa magoti hayo, kama mfuko unaruhusu, Dar hadi Mtwara mpandishe ndege. Mwezi wa saba ni kiangazi kule, umechagua vizuri. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilileta mafuriko barabara ikakatika Somanga, abiria wakakwama.

Mama Nuru
Mwanangu, mimi ningempeleka Bagamoyo. Ni karibu, na mchanga upo. Mikindani si mahali pa kuogelea.

Binti wa Kondoa
Shikamoo mama. Kuogelea hataki, anataka kukaa kivulini atazame maji. Vipi lile boma la Wajerumani, nasikia ni hoteli?

Mtu wa Kusini
Ndiyo, lilijengwa 1895 na ni zuri kweli. Ila liko mlimani, kupanda kwake kutamtesa. Tafuta nyumba ya wageni huku chini karibu na barabara, boma mlitembelee kwa bajaji. Mji wenyewe ni wa zamani: Livingstone alipitia hapo 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Na mama hatajiona mgeni, adhana ataisikia na khanga ndilo vazi la pale.

Mama Nuru
Kama ni kukaa tu, basi nendeni. Chandarua usisahau, malaria ya pwani ya kusini si ya Dodoma. Na dawa zake za magoti zibebe za kutosha.

Binti wa Kondoa
Asanteni sana. Leo jioni natafuta kalenda ya mwezi, nauli ya ndege nitaongea na kaka zangu. Mtu wa Kusini, pweza wanauzwa wapi asubuhi?

Mtu wa Kusini
Pale pale ufukweni, ngalawa zikishafika. Wahi.