Madereva wastaafu wa Tabora na Kigoma, tupeane uzoefu: gari gani lilikufundisha kazi, na lilikulaza wapi?

Mzee wa Ng'ambo (Tabora)

Wadau, mwangaluka. Juzi nimepita gereji moja hapa mjini nikakuta mzoga wa lori la Bedford TK, kuku wametaga ndani ya kebini. Nilisimama pale mpaka fundi akaniuliza kama kuna mtu namdai. Wastaafu wenzangu, na nyie watoto wa madereva mliokuwa mkikimbilia kusikia honi, leteni yenu. Naanza mimi.

Niliingia utingo mwaka 1974 kwenye Bedford ya pua, injini ya petroli. Kazi ya kwanza alfajiri ilikuwa kuzungusha hendeli mpaka injini iwake. Dereva wangu alinionya siku ile ile: dole gumba lilale upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie chuma, maana injini ikirudisha teke inaondoka na mkono. Nilidhani ananitisha. Baadaye nikamwona utingo mwenzangu kafungwa plasta.

TK ndiyo niliyokuja kuendesha mwenyewe. Injini yake iko nyuma ya viti, unafungua vifuniko vya ubavuni ndipo uione. Baridi ya Juni tulikuwa hatuhitaji blanketi. Oktoba sasa, mgongo unaiva kama mhogo.

Mizigo ilikuwa tumbaku ya Urambo na Sikonge. Tumbaku haina uzito wa kutisha ila inapanda juu, gari linayumba kwenye kona kama mlevi, na turubai likivuja ukungu unaingia, daraja la ubora linashuka, mwenye mzigo anakutazama wewe.

Kukwama kwangu kubaya kulikuwa kati ya Ipole na Koga, narudi kutoka Mpanda na magunia 70 ya mahindi. Masika imekolea. Tairi za nyuma zikazama kwenye mbuga mpaka difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli, ikalala kwenye tope. Siku ya kwanza tulikata miti, tukapanga magogo, jeki ikazamisha magogo. Siku ya pili vivyo hivyo. Mbung'o nao, mnawajua: gari likitembea wanalifuata, likisimama wanawahamia nyie. Utingo wangu alikuwa ananiambia tangu asubuhi ya kwanza, "Mzee, tushushe." Mimi sitaki. Magunia 70 ya kilo mia mia, watu wawili, nani ayapandishe tena? Siku ya tatu wakatokea warina asali wanne. Tulishusha yote, gari likatoka kwa saa moja. Kupakia ndiko kulikochukua siku nzima. Walikataa pesa, wakaomba chumvi. Na ile asali waliyotupa tulikula na ugali mpaka Sikonge.

Sikumwomba radhi yule kijana. Nasema leo.

Kumi na Moja Moja (Kasulu)

Shikamoo mzee. Mwakeye wote.

Mimi ni wa Scania 111, zile zilizokuwa zinaunganishwa Kibaha pale kiwanda cha TAMCO. Njia yangu Kigoma, Kasulu, Kibondo, Nyakanazi, halafu ndiyo uanze kuitafuta Kahama. Lami ilikuwa hadithi. Udongo mwekundu wa kwetu ukinyeshewa ni sabuni, unashuka kilima gari limekaa upande upande, unamwomba Mungu asitokee mtu mbele.

Miaka ya tisini, wakimbizi wa Burundi na Kongo walipoingia, kazi ilikuwa chakula cha makambi: unga, maharage, mafuta ya kula. Kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996 nilikuwa naingia pale mpaka watoto wanalijua gari langu kwa mlio. Kazi ilikuwepo, lakini na majambazi walikuwepo. Magari yanasubiriana, yakitimia askari wanapanda, tunaondoka kwa msafara. Ukipata pancha katikati ya pori hakuna anayekusubiri kwa furaha. Utingo wangu alikuwa anabadilisha tairi la Scania huku anasali kwa sauti.

Kuna siku jiwe lilitoboa tangi la dizeli karibu na Makere. Dawa ilikuwa sabuni ya mche. Unaikanda mpaka ilainike, unaisindilia kwenye tundu, haivuji, unafika. Vijana wakiambiwa hivyo wanacheka.

Chumvi ya Uvinza

Mimi kwa ufupi. Bosi wangu alikuwa na Isuzu la kubeba chumvi kutoka Uvinza. Chumvi inakula gari kuliko mchwa. Kila safari nilimwambia tuoshe chesisi, akasema maji bure, petroli ya kupeleka mtoni siyo bure. Siku moja bodi likabaki kwenye kona, mimi na kebini tukaendelea.

Binti wa Dereva (Urambo)

Shikamooni wazee wangu. Mimi sijawahi kushika usukani wa lori, nasimulia ya baba.

Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978, magari ya watu binafsi yalichukuliwa kusaidia jeshi, na lori alilokuwa anaendesha baba lilikuwemo. Akaondoka nalo. Alirudi mwaka uliofuata, amekonda, lori halina milango. Mama alimuuliza milango iko wapi. Akajibu, "Tuliitoa, ili mtu aweze kuruka." Hakuongeza neno. Kwa miaka mingi alikuwa akilala chini, kitanda kipo.

Kuna mzee humu aliyekwenda na lori vitani? Ningependa kujua ilikuwaje.

Mzee wa Ng'ambo

Mwanangu, marahaba. Mimi sikuchukuliwa, gari letu lilikuwa bovu. Nilikuwa naona aibu wakati ule. Waliokwenda wengi hawasimulii, usidhani ni baba yako peke yake.

Utingo Milele (Ujiji)

Nyie madereva mnajisifu, sisi tuliolala juu ya mzigo nani atusemee? Miaka ya themanini mwanzoni tairi hazipatikani, tyubu hazipatikani, betri ndiyo usiseme. Nimeshajaza tairi majani. Ndiyo, majani makavu, unayasindilia kwa mpini wa jembe mpaka tairi lisimame, mnatembea taratibu mpaka kijijini. Mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulipokuja, ukiwa na mifuko mitatu ya sukari unashushwa mzigo wote na kuulizwa maswali kama mwizi. Anayeshusha nani? Utingo. Anayepandisha? Huyo huyo.

Dawa yetu ilikuwa dagaa. Tukiweka magunia ya dagaa wa Kigoma nyuma kabisa, mkaguzi anafunua turubai, anafunika.

Fuso Boy

Wakuu heshima yenu. Sisi tunapita Daraja la Kikwete pale Malagarasi kwa dakika chache, muziki unalia. Naomba kuuliza tu: dabo klachi ndiyo nini? Mzee wangu anasema asiyeijua si dereva.

Mzee wa Ng'ambo

Marahaba kijana. Gia za zamani zilikuwa hazipokei kwa kubembelezwa. Ukitaka kushuka gia: kanyaga klachi, toa gia weka nyutro, achia klachi, piga resi kidogo injini ipande, kanyaga tena, ndipo uingize. Resi ikipungua gia inakulalamikia, kijiji kizima kinasikia, watoto wanakuzomea. Mguu ulikuwa hauangalii, ulikuwa unasikiliza.

Nimerudi gereji leo asubuhi. Fundi anataka elfu thelathini kwa usukani wa ile TK. Nimelipa. Kebini nimemwachia kuku, amebakiza siku chache aangue.