Baa za "mlango wa siri" Masaki: kinachofichwa ni bei na risiti

Wakuu, nina hasira na nitasema yote.

Ijumaa tulimtoa rafiki yetu aliyepandishwa cheo, tukaenda baa moja ya kokteli Masaki. Ni zile za kuingilia nyuma ya kabati la vitabu, neno la siri unatumiwa WhatsApp, ndani taa hafifu na jazi ya zamani. Hapo sina ugomvi, pamependeza.

Menyu haina bei hata moja. Kumuuliza mhudumu, ananijibu: "Bosi, hapa watu hawaulizagi bei." Nikamwambia mimi nauliza. Akaondoka moja kwa moja.

Rafiki yetu akaagiza Old Fashioned. Hiyo ni bourbon (wiski ya Kimarekani), sukari kidogo, matone ya bitters (kilevi kichungu cha viungo) na ganda la chungwa, inakorogwa taratibu na pande kubwa la barafu lisiloyeyuka haraka. Jamaa wa kaunta akatia vibarafu vilivyoanza kuwa maji, akajazia soda mpaka juu! Mimi nilitaka Daiquiri: ramu nyeupe, sukari, ndimu, basi. Maji ya ndimu yakatoka kwenye chupa ya plastiki, nimeyaona kwa macho yangu. Dar hii, ndimu zimejaa kila genge! Pombe yenyewe anamimina kwa kukadiria, kipimo kimelala pembeni.

Sasa bili. Kikaratasi cha kuandika kwa mkono: kila kokteli 45,000, juu yake tozo ya huduma, juu yake tena VAT asilimia 18. Nikadai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Meneja akasema mashine haina mtandao. Tukasema tutasubiri. Baunsa akaja kusimama nyuma ya kiti cha shemeji yangu, kimya, mpaka tukalipa kwa simu. Mtandao wa kupokea hela ulikuwepo.

VAT ambayo haijapita kwenye mashine inakwenda wapi? TRA, mamlaka ya mapato, kila siku wanatuambia ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimedai, nimeletewa baunsa.

Na wasituambie huo ndio mtindo wenyewe. Marekani kati ya 1920 na 1933 katiba ilipiga marufuku kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe, ndiyo maana wenye baa walificha milango: walikuwa wanamkimbia polisi. Hawa wa kwetu leseni wameitundika ukutani, nani anawafukuza? Mlango ficheni mnavyotaka. Bei iandikwe kwenye menyu, mteja aamue kabla hajanywa.

Kikaratasi chao ninacho, na ujumbe wa muamala ninao. Aliyewahi kupeleka malalamiko ya namna hii TRA au Tume ya Ushindani aniambie alianzia dawati gani na alijibiwa nini. Jumatatu asubuhi naenda.