Nimeombwa kupiga picha za harusi na sijawahi, naombeni ushauri

Mwanzisha uzi

Habari zenu wakuu.

Rafiki yangu niliyesoma naye anaoa baada ya wiki tatu, na ameniomba nimpigie picha. Bajeti yao ni ndogo, mpiga picha wa kulipwa hawamuwezi, na picha zangu za mtaani zinawapendeza. Nimekubali kwa moyo mmoja, ila tangu siku ile usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Picha ya mtaani ikiharibika narudi kesho. Pete haivishwi mara mbili.

Nina kamera moja ya APS-C (yenye sensa ndogo kuliko ya full-frame), lenzi iliyokuja nayo ya 18-55mm f/3.5-5.6, betri moja na memori kadi moja ya 32GB. Flashi sina. Shughuli yote ni ndani ya ukumbi, kuanzia alasiri hadi usiku.

Ninunue nini, niazime nini, nijiandae vipi? Nawasilisha.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, kabla ya vifaa: umewaambia maharusi wote wawili kwamba hujawahi kupiga harusi? Si rafiki yako peke yake, hata bi harusi. Kaeni chini, mkubaliane utapiga kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, utawapa picha ngapi na baada ya muda gani. Andikeni, hata kama ni ujumbe wa simu. Urafiki mwingi umeingia doa kwa sababu mmoja alitegemea picha elfu na mwingine alipanga mia tatu.

Mchangiaji wa 2

Kwa vifaa ulivyotaja, kitu cha kwanza ni lenzi ya 50mm f/1.8. Ndiyo nafuu kuliko karibu lenzi zote nyingine, na wengi wanayo, unaweza kuazima. Lenzi yako ukiivuta hadi 55mm inabaki f/5.6, na namba ya f ikiwa ndogo ndipo tundu la lenzi linakuwa kubwa. Ile ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Ukumbini usiku hiyo ndiyo tofauti ya picha kali na picha ya ukungu.

Ila usiache ya zamani nyumbani. Kwenye APS-C, 50mm inabana sana, ukoo mzima hauenei. Picha za pamoja rudi kwenye 18-55mm, simamia 24 au 35mm, apecha (tundu la lenzi) f/5.6 au f/8, fokasi kwenye macho ya mstari wa mbele. Piga tano sita kwa kila kundi, maana lazima kuna mtu kafumba macho.

Betri mbili angalau. Kadi mbili au tatu, na uzifomati ndani ya kamera yenyewe usiku wa kuamkia harusi, baada ya kuhakikisha hazina picha unazozihitaji. Piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Kama kamera yako ni ya megapikseli 24, faili moja ni kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo 32GB itakupa picha elfu moja hivi. Zitaisha mapema kuliko unavyofikiri.

Mchangiaji wa 3

Mdogo wangu, nikueleze yaliyonikuta. Harusi yangu ya kwanza niliacha kamera ijichagulie spidi ya shata, yaani muda ambao inaingiza mwanga. Wakati wa pete nilikuwa nimesimama pazuri kabisa, hatua mbili kutoka kwao, hakuna aliyenizuia. Nilipofungua picha nyumbani, nyuso ziko sawa, lakini mkono wa bi harusi ulikuwa unatetemeka na kidole kimekuwa viwili. Kamera ilikuwa imechagua 1/40 ya sekunde. Picha nane, zote hivyo. Bi harusi hakulalamika, alisema tu "basi si haba", na mpaka leo naumia nikikumbuka sauti yake.

Toka siku hiyo spidi naishika mwenyewe. Watu wakitembea au mikono ikifanya kitu, sishuki chini ya 1/200. Wakiwa wamekaa, 1/125. ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) naiacha ipande hadi 3200, hata 6400. Chenga zinazoletwa na ISO kubwa zinapunguzwa wakati wa kuediti, mtikisiko hauponi.

Jambo lingine ni gauni jeupe. Mita ya kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, kwa hiyo gauni likijaa kwenye fremu kamera inapunguza mwanga na gauni linatoka la majivu. Ongeza mwanga kwa +2/3 au +1 kwenye fidia ya mwanga (exposure compensation). Kwa bwana harusi mwenye suti nyeusi ni kinyume chake. Washa alama ya kumetameta inayoonyesha sehemu zilizoungua. Gauni likianza kumetameta, rudi chini kidogo, maana nakshi zikishaungua huzirudishi.

Mchangiaji wa 4

Nenda ukumbini siku chache kabla, saa ileile ya shughuli, na mtu wa kumpiga. Taa za LED za bei rahisi zinachora mistari kwenye picha, hasa ukitumia shata ya kimya (ya kielektroniki, isiyo na mlio). Ukiiona, zima shata ya kimya na ujaribu 1/100 ambako umeme ni wa 50 Hz, au 1/125 ambako ni 60 Hz.

Na muombe ndugu mmoja anayewajua watu wa pande zote mbili awe na orodha ya picha za familia. Yeye aite majina, wewe upige.

Mwanzisha uzi

Asanteni sana wakuu. Nimeongea na maharusi wote wawili, tumeandikiana. Lenzi ya 50mm nimeazima, na flashi pia nimepata. Jana nimeenda ukumbini: f/2, 1/200, ISO 3200, uso unatoka vizuri, mistari hakuna. Shida ni flashi. Nimesoma kwamba inaelekezwa juu kwenye dari, lakini dari ni ya mbao nyeusi na picha zimetoka na rangi ya kahawia. Nifanyeje?

Mchangiaji wa 3

Achana na dari hiyo, inakula mwanga na kukurudishia rangi yake. Kuna ukuta mweupe pembeni? Geuza kichwa cha flashi uelekee huko, nguvu anza na 1/4. Mwanga utawajia kwa ubavu, laini, kama wa dirishani. Spidi usivuke 1/200, ukivuka unaweza kupata utepe mweusi kwenye picha.

Mwanzisha uzi

Ukuta upo, upande wa kushoto wa meza ya maharusi. Kesho jioni narudi na dada yangu akae kwenye kile kiti nijaribu.