Sukari inashuka bila dalili, hii sensa ya mkononi yasaidia kweli?

kijana_wa_langoni: Asalaam aleikum jamani. Babangu ni nahodha wa mashua hapa Lamu, kisukari anacho miaka 20 na kitu, anadunga insulini. Zamani ikishuka alikua anatetemeka na jasho linamtoka, anajua mwenyewe anatia tende mdomoni yaisha. Sikuhizi hakuna kitu. Juzi tuko barazani anaongea vizuri tu, mara chai anaimimina kwenye sahani ya mahamri, tukacheka wote, halafu nikaingiwa na wasiwasi nikampima... 2.6 mmol/L, chini mno!! Kuna aliyetumia hiyo sensa, kile kidude cha kubandika mkononi kinapima sukari na simu inalia ikishuka?

mshela: Waleikum salaam, pole sana ndugu yangu. Yalinipata hayo. Sukari ikishuka mara kwa mara mwili unazoea, ile adrenalini ya kukutetemesha inachelewa, wewe unakuta akili ishakuruka. Mimi navaa sensa iitwayo Libre 2, siku 14 unabadilisha. Alamu mwanzo niliitega 3.9 nikawa najikuta nishaenda chini, maana haipimi damu ile, inapima maji ya chini ya ngozi kwahivyo iko nyuma dakika kadhaa. Nikapandisha 4.5, daktari naye akanipunguzia dozi ya usiku (asijipunguzie mwenyewe!). Wiki kadhaa bila kushuka, jasho likarudi, wallahi nilifurahia jasho mke wangu akaniona mwehu. Ila ukiulalia ule mkono inadanganya, inalia bure saa 9 usiku.

bi_mkubwa: Sisi hatuiwezi bei, kila wiki mbili nyengine. Mamangu tunamtoboa kidole kabla hajalala na saa 8 usiku, alamu ni mimi.

kijana_wa_langoni: Ahsante dada. @mshela na baharini je? Simu anaiacha tezi (nyuma ya mashua) yeye yuko omo (mbele)

mshela: Simu aivae shingoni kwa mfuko wa plastiki, ikiwa mbali kama mita 6 inakatika na haitalia. Maji ya kurukiwa hayana neno, mwisho kina cha mita 1 kwa nusu saa, kupiga mbizi nayo hapana. Na baharia wake ajue: ikilia, vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye maji, baada ya dakika 15 apimwe kidole. Akiwa hajifahamu wasimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, wamkimbize hospitali.

kijana_wa_langoni: Nimemsomea mzee. Kakubali, ila simu isilie kama punda mbele ya abiria wake 😂